Mwandishi mmoja, majina matatu kwenye katalogi

Mdau wa Ngamiani: Wakuu habari. Niko maktaba ya shule hapa Tanga, tunatumia Koha, ile programu ya katalogi ya maktaba. Juzi dogo kabofya jina la Shaaban Robert akaletewa vitabu viwili wakati rafuni vipo tisa nimevihesabu kwa mkono, kumbe vingine viliingizwa "Robert, Shaaban" vingine "Shaaban bin Robert", imeniuma maana ni mtoto wa hapahapa Vibambani. Niediti kimoja kimoja?

Mdau wa Chumbageni: Hapana mkuu utachoka. Tengeneza rekodi moja ya jina la mwandishi, kwenye sehemu namba 100 (ya jina kuu) weka umbo ulilochagua na miaka yake 1909-1962, hayo maumbo mengine yote ya jina yaingie sehemu namba 400, halafu vitabu vyote uviunganishe na hiyo rekodi. Atakayetafuta kwa jina lolote anafika palepale.

Mdau wa Bagamoyo: Kwanza cheki VIAF, hifadhi ya mtandaoni ya majina ya waandishi, ni bure, imekusanya majina toka maktaba za taifa za nchi kibao. Ila wa "bin" usiwageuze kizungu jamani kwa kutanguliza jina la mwisho, lile la mwisho ni la baba sio la ukoo.

Mdau wa Ngamiani: Asanteni sana, hilo la bin ndo lilinichanganya. Naanza leo.