Majirani Mikuyuni: mazoezi ya chemsha bongo

Mwenyekiti: Majirani, salaam. Chemsha bongo ya Siku ya Mazingira ni Juni 5, na mtaa wa pili wameshaanza kujinoa. Mwalimu Zuhura atarusha maswali, wengine jibuni. Picha za maua zenye "usiku mwema" zisubiri hadi saa nne, tafadhali.

Mwl. Zuhura: Shikamooni wakubwa. La kwanza: hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote Tanzania?

Kelvin: Serengeti 😎

Mama Neema: Ruaha bwana, Kelvin.

Mzee Salum: Wote mmepatia, ila mmechelewa. Serengeti ni kilomita za mraba 14,763, ikaongoza mpaka 2008 pori la akiba la Usangu lilipoingizwa Ruaha, Ruaha ikapita 20,000. Mwaka 2019 kipande kikubwa cha Selous kikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, kilomita za mraba 30,893. Andika Nyerere.

Kelvin: Shikamoo babu. Kwa hiyo Selous haipo tena?

Mzee Salum: Marahaba. Ipo. Iliyobaki bado ni pori la akiba na iko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Nyerere iko TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Mwl. Zuhura: Hapo hapo pana mtego. Ngorongoro ni hifadhi ya taifa?

Mama Neema: Si ndiyo?

Mwl. Zuhura: Siyo, dada. Kiswahili kimetuponza, neno "hifadhi" tunalibandika kila mahali. Ngorongoro ni eneo la hifadhi tangu 1959, lilipotengwa na Serengeti ili wafugaji na wanyamapori wakae pamoja, na lina mamlaka yake, NCAA. Hifadhi ya taifa hairuhusu makazi wala malisho. Pori la akiba huruhusu uwindaji kwa kibali. Hifadhi za misitu za serikali kuu ziko TFS, wakala wa misitu. Msoma swali akisema "hifadhi" peke yake, mwombeni arudie swali kabla hamjabonyeza kengele.

Baba Asha: Mniruhusu upande wa sheria, maana huko ndiko pointi zinapotea. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya 2004, Sura ya 191. Kifungu cha 57 ndicho chenye mita 60: ndani ya umbali huo kutoka ukingo wa mto, bwawa, ufukwe wa bahari au ziwa la asili, hairuhusiwi shughuli ya kudumu, au ambayo kwa asili yake inaharibu eneo hilo. Ukijibu "ni marufuku kujenga" umetaja nusu tu.

Kelvin: Na NEMC, baraza la mazingira, ilianzishwa na sheria hiyohiyo?

Baba Asha: Hapana! Ilianzishwa na sheria ya 1983. Ya 2004 iliifuta ile, ikaiunda upya NEMC na kuipa meno. Swali likiwa "ilianzishwa lini", jibu 1983.

Mama Neema: Mifuko ya plastiki hiyo niachieni mimi wa sokoni. Juni 1, 2019.

Mwl. Zuhura: Bara, ndiyo. Zanzibar?

Mama Neema: Siku hiyohiyo?

Mwl. Zuhura: Walitangulia, 2006. Mazingira si jambo la Muungano, kwa hiyo NEMC haivuki maji. Kule kuna ZEMA, mamlaka yao ya mazingira, na sheria yao ya 2015. Swali likisema "Tanzania", ulizeni Bara au Visiwani. Majirani nao: Rwanda 2008, Kenya Agosti 28, 2017.

Kelvin: Faini ya kukutwa nao?

Mama Neema: Kwa kanuni za 2019, mbebaji ni 30,000 hadi 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote. Muuzaji 100,000 hadi 500,000. Wengi wanataja ya mwenye kiwanda, inayoanzia milioni 20, kama ndiyo ya kila mtu. Halafu marufuku ni ya mfuko wa kubebea. Vifungashio vya dawa, vya viwandani, kilimo na ujenzi vilisamehewa. Na ule mbadala wa kitambaa chepesi uwe na uzito wa gramu 70 kwa mita ya mraba. Mwepesi zaidi unachanika safari ya kwanza na kuishia mtaroni kama rambo la zamani.

Mwenyekiti: Mama Neema umo kwenye timu, sijauliza 😂

Mzee Salum: Maji sasa. Kelvin, Rufiji inaanzia wapi?

Kelvin: Ruaha Mkuu, babu.

Mzee Salum: Umenasa. Rufiji huitwa Rufiji pale Kilombero na Luwegu zinapokutana. Ruaha Mkuu huingia mbele zaidi, na maji mengi hutoka Kilombero. Wakiuliza kwa nini Ruaha Mkuu hukauka kiangazi tangu miaka ya 1990, usikimbilie "ukame". Mifereji ya mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu huchukua maji juu. Chini yake kuna ardhioevu ya Ihefu, na mlango wake wa kutokea ni kizingiti cha mwamba, Ng'iriama. Maji ya Ihefu yakishuka chini ya mwamba ule, hayatoki tena, hata kama ndani yamebaki. Mto unakatika pale.

Baba Asha: Hiyo nilikuwa nadhani ni bwawa tu lililokauka. Asante mzee.

Mwl. Zuhura: Za haraka. Ziwa lenye kina kirefu Afrika?

Kelvin: Tanganyika, mita 1,470, nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi, Zambia. Maji yanatokea Lukuga kwenda mto Kongo.

Mwl. Zuhura: Safi! Na Victoria?

Kelvin: Kubwa kwa eneo, kama kilomita za mraba 68,800, ila kina chake hakifiki hata mita 100. Tanganyika imo ndani ya Bonde la Ufa, Victoria imekaa kwenye beseni katikati ya mikono miwili ya bonde.

Mzee Salum: Haya, mjukuu amelipa deni la Rufiji.

Mwenyekiti: Kesho saa mbili usiku, mabonde ya maji yote tisa. Mama Neema aanze.

Mama Neema: Pangani, Wami-Ruvu, Rufiji... mengine kesho, sufuria inaungua.