Nina milioni 8 na gereji Mbeya: ninunue mashine ya pampu za dizeli au nijifunze haibridi?

Fundi_Soweto:

Habari za jioni wakuu. Nina gereji Soweto hapa Mbeya, huu ni mwaka wa 14. Nilianza kwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa kwa mzee mmoja Mbalizi, nikapanda kidogo kidogo, leo nina vijana watatu. Kazi yetu kubwa ni dizeli: Coaster na Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Canter za viazi za Uyole, Hiace za Tukuyu. 1HZ niletee usiku wa manane nitaifungua.

Nimejichanga miaka mitatu nimefikisha milioni 8. Mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa mashine ya kupimia pampu za dizeli na nozo za kunyunyizia mafuta kwenye injini, iliyotumika lakini nzima. Sasa hivi kila pampu inayonisumbua naipeleka kwa mtu mwingine na faida inabaki kwake.

Kilichonivuruga ni hiki. Mwezi wa sita mama mmoja mwalimu aliniletea gari dogo la haibridi, yale yenye injini ya petroli na mota ya umeme pamoja, taa ya pembetatu nyekundu inawaka kwenye dashibodi. Kijana wangu akachomeka skana yetu, ikasoma P0A80, namba ya hitilafu ya betri kubwa ya haibridi. Nikang'oa siti ya nyuma, nikaona waya za rangi ya chungwa, nene kama kidole gumba. Nikairudisha siti. Nikamwambia, mama, hapa kwangu siwezi, nisije nikaua mtu. Gari likapakiwa kwenye lori mpaka Dar. Baada ya wiki mbili akanipigia: feni ya kupoza betri ilikuwa imeziba vumbi na nyuzi za kapeti, na moduli mbili, yaani vipande viwili kati ya vinavyounda betri, zilikuwa zimechoka. Hela ya lori ilizidi hela ya fundi. Alinieleza kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulioniuma.

Tena mwanangu anamaliza kidato cha nne mwaka huu na anataka kunifuata kazini. Kila siku nasikia viwanda vya magari vinafungwa Ulaya, mara umeme, mara gesi, mara haidrojeni. Nataka kujua kama hiki ninachotaka kumrithisha bado ni kazi au ni chuma chakavu. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Canter:

Fundi, nunua mashine ya pampu. Mimi nabeba viazi kutoka Uyole kwenda Dar tangu Canter yangu ikiwa na rangi yake ya kiwandani. Hapa kwetu gari haliachwi kwa sababu Ulaya wameliacha. Hizo 1HZ zilianza 1990, na wewe mwenyewe unajua ziko ngapi barabarani. Nikikwama mimi sitafuti mtu wa kompyuta, namtafuta mtu wa nozo, na wazuri hapa Mbeya nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Muagizaji_Iringa:

Kamwene fundi. Mimi naagizia watu wa Iringa na Njombe magari kutoka Japani, nikueleze ninachokiona nikiwa upande wa mnadani.

Gari haliji Mbeya likiwa jipya. Linauzwa Japani, linatumika miaka 7 au 10, linaingia mnadani, linapanda meli, linashuka Dar. Kwa hiyo gari litakalosukumwa mpaka mlangoni kwako mwaka 2035, mengi yake yameshatengenezwa na yanatembea Nagoya sasa hivi. Usiangalie wanachosema kwenye maonyesho ya magari, angalia wanachonunua watu wa kawaida wa Japani leo. Wananunua haibridi. Toyota walianza na Prius mwaka 1997 watu wakaiona kama kituko. Leo Corolla, Sienta, Noah mpya, zote zina haibridi. Na ushuru wa uchakavu unaanza kumbana mteja gari likizidi miaka 8, kwa hiyo mwenye uwezo anakimbilia la karibuni, na la karibuni ndilo lenye zile waya za chungwa.

Kuhusu viwanda, ni kweli hali ni ngumu. Volkswagen walikubaliana na chama cha wafanyakazi Desemba 2024 kupunguza ajira zaidi ya 35,000 Ujerumani kufikia 2030. Audi walifunga kiwanda chao cha Brussels Februari 2025. Nissan, hao tunaowajua sisi wenyewe, walitangaza Mei 2025 kupunguza watu 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Watu husema ni umeme umewaua. Si umeme peke yake. Mchina anauza kwa bei ambayo Mjerumani hawezi kuifikia. BYD wa China waliacha kabisa kutengeneza magari ya petroli tupu Machi 2022, nguvu zao zote zikaenda kwenye betri. Marekani ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa magari ya nje Aprili 2025. Na kiwanda kinachotengeneza injini huku na betri kule kinalipia majiko mawili kwa chakula cha familia moja.

Ndiyo maana wanayumba. Honda walisema mwaka 2021 kwamba ikifika 2040 watauza magari ya umeme na ya haidrojeni tu. Mei 2025 wakakata bajeti ya umeme kutoka yeni trilioni 10 mpaka trilioni 7 na kugeukia haibridi. Umoja wa Ulaya ulipitisha kwamba 2035 iwe mwisho wa magari mapya yanayotoa moshi, halafu Desemba 2025 Tume yao yenyewe ikapendekeza kulegeza. Upande mwingine, Norway mwaka 2024 karibu magari mapya 9 kati ya 10 yalikuwa ya umeme, na Waafrika wenzetu Ethiopia mwaka huohuo walizuia kuingiza magari ya mafuta.

Mimi nasoma hivi: injini haifi kesho, lakini haitakuja peke yake tena. Itakuja imefungwa na mota na betri.

Semi_Tunduma:

Ndaga fijo muagizaji, umeeleza vizuri. Niongeze la barabarani.

Mimi naendesha semi Dar mpaka Lubumbashi, narudi na shaba. Shaba hiyohiyo inayopita Mwanjelwa usiku mkiwa mmelala ndiyo inayokwenda kuwa nyaya za magari ya umeme, maana gari la umeme linakula shaba zaidi ya mara mbili ya gari la petroli. Na hapo Songwe kuna Ngualla, mlima wenye madini ya kutengenezea sumaku za mota zake. Inaniuma kuona mzigo unatupita na ufundi unatupita.

Lakini kuhusu malori, fundi, dizeli bado ina maisha. Bomba la TAZAMA la kutoka Dar mpaka Ndola, Zambia, lililojengwa 1968 na kupeleka mafuta ghafi miaka mingi, tangu 2023 linapeleka dizeli iliyosafishwa. Watu hawageuzi bomba la kilomita 1,710 kwa mafuta ambayo hayatahitajika mwakani. Semi yangu ikipanda Kitonga na tani 28, sijaona betri ya kuniondolea dizeli kwa hela ya tajiri wangu. Kushuka ndiyo stori nyingine. Nilishapanda haibridi ya shemeji tukishuka Inyala, mguu hauko kwenye mafuta na betri inajaa yenyewe, breki hazinuki hata kidogo. Milima yetu, magari yale yanaipenda.

Binti_Rungwe:

Na gesi je? Mimi niko Dar, gari langu la petroli nimelifunga mfumo wa gesi asilia, na matumizi yangu yamepungua karibu nusu. Gesi ni yetu ya Songo Songo na Mtwara, haitegemei dola. Fundi anayejua injini anaweza kujifunza kufunga ule mtungi bila kuacha alichokijua, chuo cha teknolojia cha Dar, DIT, wanafunga na wanafundisha.

Muagizaji_Iringa:

Dada, gesi ni nzuri sana huko uliko. Bomba linatoka Mtwara linaishia Dar, na vituo vingi viko Dar na Pwani. Mtu wa Mbeya akifunga leo atajazia wapi? Kituo kikishafika huku juu nitakuwa wa kwanza kumwambia fundi aende akasome. Mtungi ule unabeba presha ya bar 200, si kitu cha kubahatisha.

Mwalimu_Ufundi:

Nimefundisha umeme wa magari miaka 11. Fundi, kwanza nikupongeze kwa kurudisha ile siti. Wapo waliogusa.

Sasa nikuonyeshe kwamba kile ulichokiogopa kina mlango. Chukua Prius ya kizazi cha pili au cha tatu: betri yake ina moduli 28, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Inaua. Lakini inafunguliwa kwa utaratibu uleule kila siku. Funguo iwe mbali na gari. Toa waya wa betri ndogo ya volti 12. Vaa glavu za mpira zinazohimili volti 1,000, na za ngozi juu yake. Kila asubuhi zipulize hewa uzikunje usikilize kama zinavuja, tundu la sindano linatosha kukuzika. Ng'oa plagi ya usalama, ile yenye mshikio wa chungwa, uitie mfukoni mwako wewe, si juu ya meza, asije kijana akairudisha akidhani anakusaidia. Subiri dakika 10 umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Pima. Mita ikisoma sifuri ndiyo unashika spana.

Ukishafika ndani, ni ufundi wa mikono uleule. Vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vinaota kutu ya kijani, unavitoa unavisafisha. Unapima moduli moja moja ikiwa na mzigo. Inayoshuka kuliko wenzake ndiyo mgonjwa. Na kabla ya yote hayo unafungua feni iliyo kando ya siti ya nyuma. Vumbi letu la kiangazi linaziba ile feni, betri inachemka, inazeeka kabla ya siku zake. Ile P0A80 haimaanishi tupa betri. Inamaanisha moduli hazilingani tena, nenda kaangalie kwa nini.

Ushauri wangu: mashine ya pampu iahirishe, usiifute. Robo ya hela yako inatosha skana inayosoma haibridi, glavu, mita ya daraja la usalama la CAT III na kozi fupi. Iliyobaki itunze mpaka uone kazi inakokwenda. Na mtoto apelekwe chuo cha ufundi cha VETA, umeme wa magari kwanza, mekanika atajifunza kwako jioni. Wewe ulianzia kwenye oili ukaja kwenye waya. Yeye aanzie kwenye waya.

Mzee_wa_Canter:

Mwalimu, na sisi wa Canter tutakwenda wapi akishakuwa mtu wa waya?

Fundi_Soweto:

Mzee wangu, wewe huachwi. Pampu yako nitaendelea kuibeba mwenyewe mpaka kwa mwenye mashine, kama kawaida.

Wakuu, nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nikiwa na mwanangu. Aliponyamaza kwenye ile sehemu ya plagi mfukoni nikajua imemwingia. Nimeamua: milioni 2 naanza na skana, glavu na kozi, milioni 6 zinabaki benki. Januari kijana anaomba VETA. Yule mama mwalimu nitampigia, gari lake nitamsafishia feni kila baada ya miezi sita bila kumtoza, nianze kujifunza kwa gari linaloniwia deni.

Swali moja limebaki. Sitaki kujifunzia kwenye gari la mteja. Betri ya haibridi iliyokufa naipata wapi kwa bei ya mkulima?

Muagizaji_Iringa:

Ipo moja hapa Ipogolo, ya gari lililogongwa nyuma. Mwenyewe anataka laki moja na nusu. Ijumaa kuna Canter inakuja Mbeya na mbao, naweza kuipakia.

Mwalimu_Ufundi:

Subiri kwanza. Plagi yake imetolewa?

Muagizaji_Iringa:

Sijui. Sijaigusa.

Mwalimu_Ufundi:

Basi asiiguse mtu. Nakuja Iringa Alhamisi kwa msiba wa shangazi, nitapita Ipogolo na glavu zangu. Fundi, andaa meza ya mbao, si ya chuma.