Nina herufi sita ubaoni: nitapataje maneno YOTE ya Kiingereza yanayotokana nazo?

Mwl_Ziwani:
Habari za jioni wakuu. Nafundisha Kiingereza darasa la sita na kila Ijumaa mchana tuna klabu ya lugha. Mchezo unaopendwa kuliko yote: naandika herufi ubaoni, vikundi vinaunda maneno, neno refu lina pointi nyingi. Herufi moja haitumiki mara mbili katika neno moja. Wiki hii niliweka A, D, E, G, N, R.

Orodha yangu ilikuwa na GARDEN, DANGER, ANGER, RANGE, GRADE, GRAND na mengine mafupi. Kikundi cha nyuma kikaja na GANDER na kamusi mkononi, bata bukini dume! Pointi nikawapa, lakini sasa kila kikundi kinabishia orodha. Nataka niingie darasani na majibu yote. Shule ina kompyuta moja, intaneti ni bando la simu yangu. Naombeni ushauri.

kigae_cha_Q:
Hongera sana mwalimu, hao watoto wana bahati. Mimi nacheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vigae vya herufi, nakupa njia ya mkono ambayo hata wao unaweza kuwafundisha.

Anza na miisho. Tenga ED pembeni, umebaki na A, G, N, R: RANG, basi RANGED hiyo. Tenga ER, umebaki na A, D, G, N: DANGER na GANDER zote mbili zinatoka hapo. Ukimaliza miisho, angalia herufi zinazopenda kuongozana. GR inakupa GRAND na GRADE, DR inakupa DRAG, ND inakupa END na REND, NG inakupa RANG na RANGE.

Halafu usiziandike kwa mstari, ziandike kwa duara. Zikikaa kwa mstari jicho linang'ang'ania mpangilio ule ule wa kwanza. Kwenye Scrabble una vigae 7, ukivimaliza kwa mpigo unaongezewa pointi 50, ndiyo maana tunakesha na mafungu kama A, E, I, N, R, S, T. Humo kuna RETAINS, NASTIER, RETINAS, STAINER na bado.

fundi_kodi:
Njia ya mkono ni nzuri kwa watoto, ila kwa orodha kamili tumia kompyuta. Bando litatumika mara moja tu, kupakua faili la maneno. Baada ya hapo kazi yote ni nje ya mtandao.

Siri ni kupanga herufi za kila neno kwa alfabeti. GARDEN inakuwa ADEGNR, DANGER inakuwa ADEGNR, GANDER vilevile. Mpangilio huo ndio ufunguo, na maneno yenye ufunguo mmoja yanajikusanya yenyewe. Kwa maneno mafupi, programu ihesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Hapa wengi wanateleza: ukiuliza tu "je, herufi za neno hili zimo kwenye fungu?", itakuletea DAGGER na AGREED, wakati una G moja na E moja.

Pia tofautisha maneno yaliyoundwa kwa herufi hizo tu na maneno yenye herufi hizo ndani yake. GARDENER ina zote sita, lakini inadai E na R za ziada. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache, njoo PM (ujumbe wa faragha) nikuandikie.

Bibi_Chaki:
Mwalimu mwenzangu, kabla hujapakua chochote, amua ni kamusi gani. Orodha za Scrabble zina maneno adimu kama DARG, GNAR na NARD. Mtoto wa darasa la sita atazifanyia nini? Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa, kwa kukariri orodha. Ni kipaji cha ajabu, lakini wewe unafundisha lugha. Chuja orodha kwa kamusi iliyopo kabatini kwenu, na neno lisilojulikana maana yake lisipewe pointi.

kigae_cha_Q:
@Bibi_Chaki kwa darasani nakubaliana na wewe. Sisi wa mashindano tuachie DARG zetu.

Mwl_Ziwani:
Asanteni mno. Sheria ya maana naichukua, na @fundi_kodi nimeshakutumia ujumbe. Swali la mwisho: kuna kikundi kimeleta EDGAR. Jina la mtu mnalihesabu?

kigae_cha_Q:
Hapana, Scrabble haikubali majina ya watu wala ya miji. Liandike hilo ubaoni kabla mchezo haujaanza, ubishi utapungua. Na Ijumaa ijayo wape A, E, L, P, S, T. Kuna PLATES, PETALS, STAPLE, PASTEL na PLEATS, uone nani atazifikisha zote tano.