Goti bandia kwa mwenye mzio wa nikeli: kobalti na kromu, zirkoni au lililopakwa titani?

Binti wa Uyole (mwanzisha mada)
Wapendwa, nawasalimu kutoka Mbeya. Mama yangu ana miaka 64 na gegedu la goti lake la kulia limekwisha. Kutoka kitandani hadi mlangoni hushika ukuta, na msimu huu hakuweza kupalilia viazi. Daktari bingwa wa mifupa ameshauri goti bandia. Hofu yetu ni mzio. Tangu ujana wake mama hawezi kuvaa hereni za bei nafuu, kwani siku ya pili ndewe huvimba na kutoa majimaji, na kwenye mkono wa kushoto amebaki na alama nyeusi ya duara pale mgongo wa saa ulipogusa ngozi. Nimeelezwa kwamba goti la kawaida lina kobalti na kromu pamoja na nikeli kidogo. Naomba mnilinganishie aina zilizopo.

Muuguzi, Iringa
Pole kwa kuuguza, dada. Goti la kawaida ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya kobalti, kromu na molibdeni, ambayo nikeli yake kwa kawaida haifiki asilimia 1. Ulinganishe na chuma cha pua cha kuungia mifupa iliyovunjika, chenye nikeli ya asilimia 13 hadi 15. Kama mama aliwahi kuwekewa chuma cha namna hiyo akakaa nacho bila shida, mwambie daktari, kwa kuwa historia hiyo ina uzito.

Jambo la pili, ambalo wengi hulikosea, ni kwamba mzio wa ngozi hautabiri moja kwa moja kwamba kiungo kitakataliwa mwilini. Wapo wengi ambao ngozi zao hazivumilii hereni na bado wanatembea vizuri na magoti ya kobalti na kromu. Hata hivyo, alama ya mama si ya kupuuzwa. Aonane na daktari wa ngozi, abandikwe mgongoni vibandiko vyenye nikeli, kobalti na kromu, vikae saa 48 bila kulowa, kisha ngozi isomwe vinapotolewa na tena siku zinazofuata, kwa sababu mzio wa metali huchelewa kujitokeza. Saruji ya mifupa, yaani ile inayoshikiza kiungo bandia kwenye mfupa, nayo ipimwe, maana wapo wanaodhurika na viambato vyake huku lawama zikiangukia metali.

Mzee wa Mafinga
Mwanangu, mimi nilibadilishiwa nyonga, na mzio wangu ni kama wa mama yako. Kwa nyonga uchaguzi haukuwa mgumu: shina na kikombe vya titani, kichwa cha kauri, katikati plastiki ngumu. Baridi ya huku hunifanya nikaze mguu asubuhi, lakini upele sijauona. Nilipouliza kwa nini goti nalo lisiwe la titani tupu, nilijibiwa kwamba titani ni laini, na mahali panaposuguana kila hatua huchubuka na kutoa vumbi.

Mtaalamu wa vifaa tiba, Mbeya
Shikamoo mzee. Hapo ndipo penye ugumu wa goti, na ndipo ningependa dada aelewe tofauti ya aina mbili ambazo wauzaji huziita zote "za wenye mzio". Ya kwanza ni metali ya zirkoni iliyochanganywa na metali nyingine, niobi, kidogo, ambayo huchomwa katika joto kali hadi uso wake wenyewe ugeuke kauri. Nikeli iliyomo ni chembe zisizo na maana. Ya pili ni kobalti na kromu ileile, iliyopakwa nitridi ya titani yenye rangi ya dhahabu. Fikirieni bakuli la bati lililopakwa rangi: likichunika, bati lipo palepale. Kwa mwenye mzio uliothibitishwa, mimi ningeanza na zirkoni, ingawa bei yake ni ya juu na huenda ikabidi iagizwe mapema. Magoti ya kauri tupu yapo pia, lakini ni adimu.

Usiulize tu kuhusu sehemu ya paja. Uliza bamba la juu ya muundi (mfupa wa chini ya goti) ni la nini, kwani hilo linaweza kuwa la titani, au sehemu hiyo yote ikawa ya plastiki.

Mama wa Tukuyu
Naomba niongeze jambo moja kwa uchungu. Dada yangu alibadilishiwa goti, likavimba na kuwaka moto, na kwa miezi kadhaa katika hospitali moja tukaambiwa ni mzio. Tulipokwenda kwingine wakavuta majimaji ya goti, wakakuta vijidudu. Mzio usemwe baada ya maambukizi na kulegea kwa kiungo kuchunguzwa na kuondolewa, kamwe si kabla.

Binti wa Uyole
Mama yangu wa Tukuyu, pole sana, na nimelishika. Asanteni nyote. Wiki ijayo nampeleka mama kwa daktari wa ngozi kwanza, na kwa daktari wa mifupa nitakwenda na daftari lenye maswali haya: metali ya sehemu ya paja, ya bamba la muundi, na aina ya saruji. Muuguzi, mama hunywa vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya pumu. Je, vitaharibu kipimo cha mgongoni?

Muuguzi, Iringa
Vinaweza kuficha majibu, dada. Mweleze daktari wa ngozi kabla ya siku ya kubandikwa, na asiviache mwenyewe nyumbani, kwa kuwa kuvikatisha ghafla ni hatari.