Tumevuka maji hadi Lamu kusoma "kwa vitendo", kumbe ni kubofya tu

Wadau, leo mnivumilie, nina hasira.

Nasomea usanifu majengo, mwaka wa 3. Tuliambiwa kozi ya kuchora kwa kompyuta itafanyika Mji wa Kale wa Lamu, siku 10, kwa vitendo. Nauli juu yetu. Basi hadi Mokowe, boti hadi Amu, yaani Lamu yenyewe, laptopu nimeipakata kama mtoto mchanga isirushiwe maji.

Siku 8 tumefungiwa ukumbini, mapazia chini ili projekta ionekane, tunanakili hatua kwa hatua jumba la kifahari lisilo na kwao. Watu wote faili moja! Na nje ya dirisha upo mji ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Jumba lile ningelichora kitandani kwangu Nairobi, bure.

Siku ya 9 ndiyo tukaachiliwa, saa mbili tu, tupime nyumba moja ya mawe. Chumba kirefu lakini upana haufiki mita 3, maana dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haivutiki. Ukuta wa matumbawe na chokaa unakaribia nusu mita, zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zimo ndani ya unene huo huo. Kona mraba sikuiona hata moja.

Nikarudi kwenye SketchUp, programu yetu ya kuchora, nikachora mistari minyoofu kama tulivyofunzwa. Chumba kikakataa kufunga, mstari wa mwisho haukukutana na wa kwanza, mwanya wa sentimita 11. Kumbe tulipima kuta peke yake, ulalo wa kona hadi kona hatukuupima. Nani alitwambia? Namuuliza mkufunzi, ananijibu, "Nyoosha tu, bora ipendeze." Anyooshe nini, nyumba ya watu?

Aliyenimaliza ni mzee mmoja fundi wa chokaa. Alichungulia skrini, akauliza kwa upole, "Mwanangu, boriti umezilaza wapi?" Sikuwa na boriti. Nilikuwa nimebandika slabu ya zege, kwa sababu ndiyo iliyokuwamo kwenye programu. Yule mzee angepewa hata siku 3 kati ya zile 8, leo ningekuwa na mchoro wa kumwonyesha mtu.

Jana wametutumia fomu ya maoni. Ina nyota 5 za kubonyeza na hakuna pa kuandika, ndiyo maana nimewaletea ninyi.