Mrejesho: malipo ya kadi kwa duka langu la viungo
Ndugu zangu, niliuliza kama duka langu dogo la viungo hapa Zanzibar, linalowauzia wateja walioko Ulaya, lipokee malipo ya kadi moja kwa moja kupitia benki au lipitie kampuni ya kati inayopokea malipo kwa niaba ya duka. Nimechagua kampuni ya kati, kwa kuwa mteja huandika namba ya kadi kwenye ukurasa wao nami sihifadhi chochote, hivyo mzigo wa PCI DSS (masharti ya kimataifa ya kulinda taarifa za kadi) unapungua sana. Makato yao ni makubwa zaidi, lakini benki ilitaka dhamana ambayo sina. Kilichonishtua ni kwamba mwenye kadi ya Visa huweza kupinga malipo na kudai arudishiwe pesa hata siku 120 baadaye, kwa hiyo nimeomba kila muamala upitie uthibitisho wa 3-D Secure (benki ya mteja huhakikisha kwamba anayelipa ndiye mwenye kadi), na risiti za posta (nilikuwa nikizitupa!) sasa nazitunza kama ushahidi kwamba nimetuma mzigo.