Frankenstein, Dracula au hadithi za Poe: kipi kinanifaa kwa msamiati wa juu wa Kiingereza?

NuruYaJioni (mwanzisha mada), Jumatatu, saa 2:40 usiku

Waungwana, salaam. Kuna muuza vitabu vilivyotumika hapa mtaani kwetu ambaye amenishikia vitabu vitatu hadi Jumamosi: Frankenstein cha Mary Shelley, Dracula cha Bram Stoker, na mkusanyo wa hadithi fupi za Edgar Allan Poe. Kila kimoja anakiuza shilingi 15,000, nimekwisha kumwachia arubuni ya 5,000, na uwezo wangu ni wa kitabu kimoja tu. Ninataka kuongeza msamiati wa Kiingereza wa ngazi ya juu, na nimeambiwa kwamba riwaya hizi za kale za kutisha, zenye majumba yaliyochakaa, mizuka na siri za ukoo, zimejaa maneno mazito ambayo magazetini huyaoni. Wenye uzoefu naomba mniambie ninunue kipi.

Kalamu_Kavu, Jumatatu, saa 3:05 usiku

Ndugu yangu, hujasema lolote la kutuwezesha kukushauri. Msamiati huo unautaka kwa mtihani, kwa kazi, au kwa starehe ya kusoma? Una muda gani? Je, ukifungua ukurasa mmoja wa riwaya ya kawaida ya Kiingereza unakwama mara mbili au mara ishirini? Tena hicho Frankenstein ni toleo lipi, maana yapo mawili: la 1818, lililotoka bila jina la mwandishi, na la 1831, ambalo Mary Shelley mwenyewe alilirekebisha.

Kwa upande wangu, ningeviacha vyote vitatu nikatafuta kisa cha Dr Jekyll na Mr Hyde cha Stevenson, cha mwaka 1886. Ni kifupi, kinamalizika kwa siku mbili tatu, na aya yake ya kwanza peke yake ni darasa zima. Humo mwanasheria Utterson anaelezwa kuwa ni "austere" kwa nafsi yake, na kwamba akiwa peke yake hunywa pombe ya jini (gin) ili ku-"mortify" hamu yake ya mvinyo mzuri. Msomaji wa leo anayejua kwamba "mortified" ni mtu aliyeaibika sana atashangaa kidogo, kisha ataelewa kwamba maana ya asili ni kuitesa na kuinyima nafsi, na neno hilo halitamtoka tena kichwani.

MwalimuMstaafu, Jumatatu, saa 3:50 usiku

Nimefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na moja, na jibu langu ni Frankenstein. Kinachojenga msamiati ni kukutana na neno lilelile mara nyingi katika mazingira tofauti, na Mary Shelley hana uchoyo wa kurudia. Neno "countenance", yaani sura ya mtu na hali inayosomeka usoni, utalikuta mara nyingi mno hadi uache kufungua kamusi. "Wretch" na "benevolent" kadhalika. Yule kiumbe aliyeumbwa na mwanasayansi Victor Frankenstein anaposema kwamba alikuwa "benevolent" na mwema, na kwamba dhiki ndiyo iliyomgeuza kuwa "fiend", maneno mawili yamewekwa yakitazamana kama mchana na usiku, na mwanafunzi hahitaji mtu wa kumtafsiria.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipita. Kiumbe huyo ni mwanafunzi wa lugha. Alijificha kwenye kibanda kando ya nyumba ya akina De Lacey, akawa anawasikiliza kupitia ufa, na miongoni mwa maneno yake ya kwanza yalikuwa moto, maziwa, mkate na kuni. Baadaye ndipo alipoyafikia mashairi ya Milton, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 17. Wanafunzi wangu wengi walitaka kuanza na Milton.

ZamuYaUsiku, Jumanne, saa 9:15 usiku

Mimi ni muuguzi, na Dracula nilikisoma zamu za usiku, kwa hiyo mnisamehe nikikipendelea. Kitabu hicho cha 1897 chote ni shajara, barua, simu za maandishi (telegramu) na vipande vya magazeti, ndiyo maana Kiingereza chake kiko karibu zaidi na cha leo. Unapata sauti ya mwanasheria, ya daktari wa wagonjwa wa akili, na ya mwalimu msaidizi anayejifunza hatimkato, kila mmoja na maneno ya kazi yake. Mambo ya tiba ya wakati ule yalinivutia hasa, maana wanamtia mgonjwa damu mara nne kutoka kwa watu wanne tofauti bila kuuliza kundi la damu la mtu yeyote, na makundi hayo yaligunduliwa miaka michache tu baada ya kitabu kutoka. Mgonjwa angekufa kwa damu yenyewe kabla ya kung'atwa tena na mnyonya damu.

Kalamu_Kavu, Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Dada ZamuYaUsiku, habari za damu ni nzuri, lakini hujamwambia mwenzetu juu ya Profesa Van Helsing. Huyo bwana ni Mholanzi, na Stoker amempa Kiingereza kilichovunjika kuanzia anapoingia hadi mwisho. Anasema "he come" mahali pa "he comes", na mpangilio wa sentensi zake ni wa kwao. Anayejifunza asipoonywa atayaokota makosa hayo akidhani ni ufasaha wa kale, kwa sababu anayeyasema ni profesa na kila mtu kitabuni anamheshimu. Ongeza yule mzee wa Whitby anayezungumza lahaja ya Yorkshire. Kurasa zake ziruke tu.

NuruYaJioni, Jumanne, saa 12:30 jioni

Nisameheni kwa kutoeleza. Ninajiandaa kwa mtihani wa GRE kwa ajili ya shahada ya uzamili Marekani, na nimebakiwa na wiki kumi na moja. Riwaya za kawaida ninasoma bila shida kubwa, ila maneno kama "equivocal" na "obdurate" hunichanganya. Toleo la Frankenstein sijalijua, kwani ukurasa wa jina umechanika.

MwalimuMstaafu, Jumanne, saa 1:10 usiku

Toleo utalitambua kwa Elizabeth, mchumba wa Victor. Akiwa binti wa shangazi yake Victor, hilo ni la 1818. Akiwa yatima aliyechukuliwa kutoka kwa familia maskini, hilo ni la 1831. Kwa msamiati lolote linafaa. Hata hivyo ujue kwamba Percy Shelley, mume wa mwandishi, aliupitia mswada wa kwanza na mara nyingi akaondoa maneno mepesi ya mkewe akaweka yenye asili ya Kilatini. Wahakiki wamemlaumu, lakini kwa mtahiniwa wa GRE amefanya hisani.

Mkalimani_77, Jumanne, saa 3:30 usiku

Kabla hamjampeleka mwenzetu makaburini, niacheni nisimulie yaliyonipata.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumia karibu mwaka mzima kusoma riwaya za namna hii, nikiwa na daftari la jalada gumu ambamo kila neno jipya nililiandika kwa wino mwekundu na maana yake kwa wino wa buluu. Nilifikisha maneno zaidi ya elfu moja na nikajiona nimemaliza. Ndipo ikatangazwa nafasi ya mtafsiri katika taasisi moja ambayo sitaitaja, nikaitwa kwenye usaili, na wasailiwa tukapewa taarifa ya kamati ya maji ya kijiji tuitafsiri kwa Kiingereza ndani ya saa moja. Taarifa ilikuwa nyepesi kabisa: kisima kimeharibika, wananchi wamelalamika, na viongozi wa kijiji wamekuwa na mawasiliano ya mara kwa mara na ofisa wa wilaya. Mimi kisima nikakipa "dreary countenance", wananchi nikawaita "wretched", na mawasiliano yale, kwa kuwa katika vitabu vya karne ya 19 nilikuwa nimeona "intercourse" ikitumika kwa maana ya maingiliano na mazungumzo, nikaandika kwamba viongozi wa kijiji walikuwa na "frequent and singular intercourse" na ofisa wa wilaya.

Walikuwa wasaili watatu. Mwenyekiti aliisoma sentensi hiyo kwa sauti, polepole, kisha akaisoma tena. Mama mmoja akavua miwani na kuanza kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Yule wa tatu akaniuliza kwa upole kama ninajua kwamba neno hilo, kwa Kiingereza cha leo, mtu akilisikia peke yake huelewa ngono. Sikujua. Nilikuwa nimejifunza "singular" kwa maana ya ajabu, "sensible" kwa maana ya kutambua jambo, "apartment" kwa maana ya chumba kimoja, na hakuna kitabu hata kimoja kilichoniambia kwamba maana hizo zimelala usingizi au zimekufa.

Kazi sikuipata. Daftari ninalo hadi leo.

Binti_Pwani, Jumatano, saa 2:00 asubuhi

Pole sana kaka Mkalimani, ingawa nimecheka hadi mama akaja kuniuliza kuna nini. Mimi nasema anunue Poe. Mwenyewe aliamini kwamba hadithi inapaswa kusomeka kwa kikao kimoja, na mtahiniwa mwenye wiki kumi na moja anahitaji kitu hicho hasa: asome leo, arudie kesho, arudie tena wiki ijayo. Katika hadithi ya nyumba ya akina Usher, ya 1839, msimulizi anapoiona nyumba kwa mara ya kwanza anasema "insufferable gloom" ili-"pervade" roho yake. Neno la kwanza likate vipande: kuna "suffer", yaani kustahimili; mbele limewekewa kikanushi, nyuma uwezekano, likawa lisilostahimilika. "Pervade" nayo ni kuenea na kupenya kote, kama harufu ya udi chumbani. GRE inakupa sentensi yenye pengo na maneno sita ili uchague mawili yanayoleta maana moja, na aliyekwisha kuonja tofauti ya "gloomy", "bleak" na "dreary" katika ukurasa mmoja wa Poe hababaiki.

Isitoshe, sisi wa Lamu mandhari hiyo si ngeni kwetu. Tumelelewa na utenzi wa Al-Inkishafi, tukisikia habari za majumba ya Pate ambayo madaka yake yaliwekwa sahani nzuri, na sasa wamelala humo makinda ya ndege, na bumu anakoroma ndani.

Kalamu_Kavu, Jumatano, saa 2:45 asubuhi

Dada, umenipa hoja mwenyewe. Mgeni akijifunza Kiswahili kwa Al-Inkishafi, kisha aende soko la Kongowea kununua vitunguu, watamwelewa? Mwambie kijana wa bodaboda kwamba umemwona bumu, uone kama atajua unamaanisha bundi.

Binti_Pwani, Jumatano, saa 3:10 asubuhi

Hatamwelewa kijana wa bodaboda, lakini atawaelewa wazee wa Lamu, na hao nao ni watu. Kwani NuruYaJioni amesema anakwenda kununua vitunguu?

MwalimuMstaafu, Jumatano, saa 4:00 asubuhi

Msigombane, wanangu. Suala hili limo ndani ya Dracula yenyewe. Katika sura ya pili, yule bwana wa ngome, Dracula mwenyewe, ana rafu nzima za vitabu vya Kiingereza, hadi orodha za anwani za London na za wanasheria, na anamwambia mgeni wake kwamba lugha hiyo anaijua kwa vitabu tu: sarufi na maneno anavyo, ila hajui kuvisema. Anamzuia kijana wa watu akae naye mwezi mzima, na moja ya sababu anazotoa ni hiyo, asikilize matamshi yake. Mkalimani alikosa mtu wa kumsikiliza. Nuru atafanya mtihani wa kompyuta. Hakuna atakayemsikia akisema "countenance", na wala haulizwi maana iliyokufa bali ile inayokaa kwenye makala za kitaaluma za leo. Kwa hiyo kila neno analoliokota kwenye riwaya alihakiki katika kamusi ya sasa kabla ya kulihesabu kuwa lake.

ZamuYaUsiku, Jumatano, saa 4:30 usiku

Pia asisahau kwamba mtihani umebadilika. Maswali ya kinyume cha neno yaliondolewa mwaka 2011, na tangu Septemba 2023 sehemu ya lugha ni maswali 27 kwa dakika 41. Hakuna nafasi ya kukaa na neno moja ukilitafakari. Halafu jamani, mbona hakuna aliyemwambia kwamba vitabu vyote hivi havina tena hakimiliki, na maktaba ya mtandaoni ya Project Gutenberg wanavitoa bure kwa simu? Hiyo 15,000 anunue bando.

Kalamu_Kavu, Jumatano, saa 4:50 usiku

Kwenye simu hatasoma. Atafungua, ataletewa ujumbe wa kikundi cha harusi, na Jekyll atamngoja hadi asubuhi.

NuruYaJioni, Jumamosi, saa 8:20 mchana

Nimerudi kutoka kwa muuza vitabu. Dracula alikwisha kumuuzia mtu mwingine asubuhi, licha ya arubuni yangu. Frankenstein nilipokifungua nilikuta mchwa wamepita katikati, kwa hiyo Elizabeth ni binti wa nani sikuweza kujua. Nimechukua Poe kwa 12,000. Nimeanza na nyumba ya akina Usher na nimekwama kwenye ukurasa wa kwanza: farasi anasimamishwa ukingoni mwa "black and lurid tarn". Kamusi yangu ndogo haina "tarn", na "lurid" inasema ni habari za kushtua za magazetini, jambo ambalo halikai.

MwalimuMstaafu, Jumamosi, saa 9:00 mchana

"Tarn" ni kiziwa kidogo cha milimani. Kwa Kiswahili ningesema lambo.

Binti_Pwani, Jumamosi, saa 9:12 mchana

Mwalimu, shikamoo, lakini lambo si huchimbwa na watu kwa ajili ya mifugo? Hilo la Poe halikuchimbwa na mtu.

Mpagazi_NaroMoru, Jumamosi, saa 11:40 jioni

Huwa nasoma tu bila kuchangia, ila hili nalijua. Sisi tunaopandisha wageni Mlima Kenya neno hilo tunalitumia kila safari. Upande wa magharibi wa vilele kuna Oblong Tarn na Hausburg Tarn, zimekaa karibu karibu, maji meusi, mawe pande zote, na asubuhi hakuna hata upepo wa kuyatikisa. Barafu ya zamani ndiyo iliyochimba mashimo hayo. Kwa Kiswahili tunasema tu "tani", na wapagazi wote wanaelewa kwamba hapo ndipo pa kuchota maji.

NuruYaJioni, Jumamosi, saa 1:05 usiku

Asante sana, kaka. Nimeandika pembeni kwa penseli: kiziwa cha mlimani, kama Oblong Tarn. Sasa "lurid" ndiyo nimeiachia nafasi.

Mkalimani_77, Jumamosi, saa 1:30 usiku

Katika daftari langu, ukurasa wa 40, nimeandika kwamba zamani ilikuwa rangi ya kufifia na kutisha, kama uso wa maiti. Ila usilipeleke kwenye usaili.